Kuchora Visivyo na Roho

Picha yangu ya chuma imechorwa kwa chuma. Unga wake niliuchota chini ya mashine ya kukatia vyuma, kwa fundi mmoja wa mageti. Niliusambaza juu ya ubao uliopakwa gundi, nikanyunyizia siki na maji ya chumvi, nikauacha darini. Kazi iliyobaki ilifanywa na upepo wa bahari, ambao kwa watu wa Mombasa ni adui wa mabati, madirisha na magari. Ulitokea umanjano, kisha rangi ya chungwa, kisha wekundu wa hudhurungi wenye mabaka. Kaka yangu, maalim wa chuo, alikuja kuiangalia, akasimama mbele yake mikono nyuma.

"Hii ni picha ya nini?"

"Ya chuma, kaka."

"Na umetumia rangi gani?"

"Chuma hichohicho."

"Basi hujachora kitu, dada yangu. Umechukua kitu ukakitundika ukutani."

Alisema kwa utani, lakini kaka yangu hana utani usio na mwiba. Tangu siku hiyo tumekuwa tukibishana, yeye na vitabu vyake, mimi na chupa zangu, na mjadala huo umenifaa kuliko sifa zote nilizopewa na wageni wanaopita hapa Mji wa Kale kununua zawadi.

Nyumba tuliyolelewa haikuwa na picha ya kiumbe ukutani. Palikuwa na saa, kalenda ya duka la vitambaa, na Ayatul-Kursiyu ndani ya fremu. Nilipokuwa mtoto nikichora kuku nyuma ya daftari, mama alinipokonya kalamu, akapitisha mstari shingoni mwa kuku yule, akanirudishia. Hakunigombeza. Alikuwa amekwisha kumfanya asiwe kiumbe, nami nikaruhusiwa kuendelea na miguu na mkia. Wengi wa rika langu pwani wanaukumbuka mstari huo.

Baadaye nilikisoma kisa cha mtu aliyemwendea Ibn Abbas, Mungu awe radhi naye, akamwambia kwamba chakula chake hutokana na kutengeneza picha. Ibn Abbas akamsimulia aliyoyasikia kwa Mtume: kwamba mwenye kutengeneza sura ataadhibiwa mpaka aipulizie roho, na kuipulizia hataweza kamwe. Yule mtu akashusha pumzi nzito, uso ukamgeuka rangi. Ibn Abbas akamwonea huruma, akamwelekeza: ikiwa huna budi, basi chora miti na kila kisicho na roho.

Mimi kinachonigusa katika kisa hicho ni ule uso. Kilikuwa kibarua chake, hakuwa na kingine, na mwanachuoni aliuona uso wake kabla ya kutoa jawabu.

Miti wako wanaoichora vizuri kunishinda. Nilichokuwa nacho mimi ni kemia. Nilifundisha somo hilo sekondari mpaka nilipostaafu, na mbele ya meza yangu ya maabara kulikuwa na jedwali la elementi lililopauka kwa jua. Nililitazama zaidi ya nilivyotazama dirisha. Dmitri Mendeleev alipolipanga mwaka 1869 elementi zilizojulikana zilikuwa 63, na pale ambapo mpangilio ulidai kitu ambacho hakuna aliyekiona, aliacha nafasi na kukitabiri. Galiamu ikapatikana 1875, skandiamu 1879, jemaniamu 1886, kila moja ikaenda kukaa mahali pake. Leo ziko 118. Kwa hiyo niliamua kuzichora, kila elementi ubao wake wa mraba, kwa sharti moja: elementi yenyewe lazima iwemo ubaoni. Zile za sumu kali na zenye mnururisho nimeziruka. Sanaa haidai mtu ajiue.

Sasa hoja ya kaka. Picha ya simba haina simba ndani yake. Ndiyo maana ni picha. Yule simba yuko Tsavo, na mchoraji anachokileta ni mfano wake. Picha yangu ya chuma ina chuma ndani yake, kwa gramu, unaweza kukipima kwa mzani. Hakuna kilicho mbali ambacho inakiwakilisha. Kwa mujibu wa kaka, hapo uchoraji umekufa na kilichobaki ni maonyesho ya bidhaa.

Jibu langu la kwanza lilikuwa kumwonyesha ubao wa pili. Huo una buluu nzito, karibu na weusi pale ilipotuama. Nao ni wa chuma. Takriban mwaka 1706, huko Berlin, mtengeneza rangi aliyeitwa Diesbach alitaka kutengeneza rangi nyekundu, akatumia potashi iliyokuwa imechafuka kwa mafuta yaliyotokana na mabaki ya wanyama, akapata buluu ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Chuma kilikuwa kimeshikana na kaboni na naitrojeni. Kutu inayokula geti lako na buluu ile ni chuma kilekile. Wekundu wa michoro ya majabali ya Kondoa, ule wa watu na wanyama waliochorwa na mikono tusiyoijua, ni wa chuma pia. Na sufuria nzito jikoni ni ya kijivu. Nikamuuliza: kama nimekitundika chuma ukutani, nimekitundika chuma kipi? Rangi gani ndiyo yake mwenyewe?

Hapo kaka alifurahi, kwa sababu nilikuwa nimeingia uwanjani kwake.

Sisi watu wa pwani tumesomeshwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu tukiwa wadogo, na itikadi iliyo nyuma yake ni ya Kiashari. Abul-Hasan al-Ashari alifariki mwaka 936. Abu Bakr al-Baqillani, aliyeiendeleza njia hiyo Baghdad, alifariki 1013. Walifundisha kwamba ulimwengu ni chembe zisizogawanyika, na kwamba juu ya chembe hizo hukaa sifa za kupita: rangi, ladha, joto, mwendo. Sifa hizo hazidumu nyakati mbili. Wekundu unaouona sasa si ule uliokuwapo kitambo kilichopita. Mwenyezi Mungu ameuumba upya, na asipouumba haupo. Chembe yenyewe haina rangi ya kwake. Haina hata kubaki kwa kwake.

Sitasema kwamba wazee hao walizijua elektroni. Kuna watu wanaopenda kufukua kila ugunduzi wa maabara ndani ya vitabu vya zamani, na maneno yao hunichosha, kwa sababu huvifanya vitabu hivyo vionekane kama vilikuwa vinasubiri cheti kutoka kwa mwalimu wa kemia. Al-Baqillani hakuwa akitafuta rangi inatoka wapi. Alikuwa akiukatalia ulimwengu uhuru wa kujisimamia. Lakini mtu anayeshinda na rangi mezani hulielewa fundisho hilo kwa vidole. Kemia inamwambia kwamba rangi ya madini hutokana na jinsi elektroni zinavyoupokea mwanga, na kwamba ukibadilisha jirani wa chuma, yaani atomi zilizokizunguka, rangi inabadilika. Rangi haikai ndani ya kitu ikisubiri kuonekana. Inatokea, kila mara, baina ya kitu na mwanga na jicho.

Ubao wa kobalti ndio ushahidi wangu. Kila aliyesoma kemia anakumbuka karatasi ya kloridi ya kobalti: ikikauka ni buluu, ikipata maji ni waridi. Nimeichora hiyo nyuma ya kioo, kwa sababu si kitu cha kushikwashikwa. Hewa ya Mombasa imejaa maji, kwa hiyo karibu mwaka mzima picha yangu ya kobalti ni ya waridi hafifu, na anayetaka kuiona buluu yake sharti nimsogezee jiko la mkaa. Buluu huingia polepole kutoka ukingoni. Jiko likiondolewa, waridi hurudi. Mgeni mmoja aliniuliza ipi ndiyo picha na ipi ndiyo hitilafu. Nikamwambia amwulize kaka.

Kobalti ina safari ndefu kwetu. Bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya kale ya Mambrui na Kunduchi ni za udongo mweupe, na buluu ya namna hiyo ni ya kobalti. Kuna nyakati ambapo mafundi wa China waliipata kutoka Uajemi. Udongo wa China, madini ya Uajemi, chokaa ya Mswahili, na chini yake maiti. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, upande wa Kolwezi, ambako wanaume, wanawake na watoto wameishi wakiichimba kwa sururu na mikono ili simu zetu zipate betri. Chupa yangu ndogo niliinunua kwenye duka la vifaa vya maabara, na lebo yake haisemi ilitoka ardhi gani. Ubao huo ndio wa pekee unaonifanya niwaze watu kabla ya kuwaza rangi. Na hapa siwezi kujificha nyuma ya fatwa ya visivyo na roho. Kilichotiwa ubaoni hakina roho. Aliyekitoa shimoni anayo.

Weupe nina mbao mbili, na ugomvi wetu mkubwa ulianzia hapo.

Wa kwanza ni titaniamu. Rangi nyeupe inayouzwa leo kwa kopo, karibu yote, weupe wake ni oksidi ya titaniamu, na hapa kwetu hiyo haikuwa habari ya mbali. Kwale walichimba mchanga wenye titaniamu kwa takriban miaka kumi, ukapakiwa melini Likoni, mpaka uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Madini yanayotoka kwenye mchanga huo ni meusi. Unayashika mkononi na hakuna kinachokuonyesha kwamba yatakuwa ukuta wa hospitali au dawa ya meno. Niliupenda ubao huo kwa muda, kisha nikauchoka. Weupe wa titaniamu hauna la kusema.

Wa pili ni wa kalsiamu, nao ni chokaa. Mawe ya matumbawe huchomwa kwenye tanuri mpaka yatoe hewa ya ukaa. Kinachobaki hutiwa maji, huchemka chenyewe, hulainika. Ukiipaka ukutani, chokaa huanza kuivuta tena ile hewa ya ukaa iliyoipoteza motoni, na polepole inarudi kuwa jiwe. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, ni matumbawe. Nyumba yangu ni matumbawe. Msikiti anaoswalia kaka ni matumbawe yaliyopakwa matumbawe. Na tumbawe, nikamwambia, ni wanyama. Wadogo sana, wenye mdomo na tumbo, waliojenga nyumba zao baharini kwa kalsiamu wakafa humo. Ubao wangu mweupe, ule usio na jicho wala shingo ya kukatwa kwa mstari, ni mabaki yao.

"Kilichokuwa na roho ni kimoja," akasema, "na chenye roho ni kingine. Hata wino wetu ulikuwa masizi, na masizi ni kuni."

Ni kweli, na sikubishia. Nilichotaka ni kumsukuma hatua moja zaidi. Surat al-Israa inatufundisha kwamba mbingu na ardhi na vyote vilivyomo vina tasbihi yao, ila sisi hatuifahamu. Tumesimuliwa habari ya kigogo cha mtende kilichosikika kikilia pale Mtume alipokiacha na kupanda mimbari. Kwa hiyo kisicho na roho si kisichosikia, wala si kisichomjua Mola wake. Basi Ibn Abbas alipomruhusu yule maskini achore miti na mawe, hakumkabidhi ulimwengu uliokufa afanye apendavyo. Ruhusa haikusimama juu ya ufu wa kitu. Ilisimama juu ya nini?

Kaka hakujibu siku hiyo. Alisema ana darasa.

Nami nilikuwa nikifikiria masizi. Wazee wetu wa chuoni waliyachanganya na gundi ya mgunga wakapata wino, na mtoto aliandika ubaoni kwa kalamu ya mwanzi, akahifadhi, akaosha, akaandika tena. Kaboni tupu. Ubao wangu wa kaboni nimeutengeneza hivyohivyo, masizi na gundi, bila herufi hata moja, na ndio unaowababaisha watu wa mtaani kuliko yote kwa sababu wanangojea kusoma kitu. Mtu akiandika neno la Mungu kwa masizi, masizi yanapata heshima: hayakanyagwi, maji yaliyooshea ubao hayamwagwi popote. Akiandika deni la sukari kwa masizi yaleyale, hayana heshima hiyo. Hakuna mzani utakaoonyesha tofauti. Kaboni ya aya na kaboni ya deni ni moja.

Tatizo linakuwa gumu zaidi kwenye kombe. Sahani nyeupe huandikwa aya kwa zafarani, huoshwa kwa marashi, mgonjwa akapewa kunywa. Najua wako maulamaa wanaoikataa desturi hiyo, na sina elimu ya kuwaamua. Nauliza jambo la mchoraji. Maji yakishapita juu ya sahani, herufi hazipo tena. Zimebaki chembe za zafarani, yaani kaboni, haidrojeni na oksijeni, zikielea bila mpangilio. Ikiwa maana ilikuwa ndani ya umbo, umbo limekwisha. Ikiwa ilikuwa ndani ya zafarani, basi zafarani ya pilau ingetosha. Bibi yangu, aliyekunywa kombe nyingi na kuishi mpaka uzee mkubwa, asingelielewa swali langu hata kidogo. Kwake maana haikuwa ndani ya zafarani wala ndani ya mistari. Ilikuwa kwa Mwenye maneno, na sahani ilikuwa adabu ya kuomba.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jibu la swali nililomwachia kaka, na alipokuja tena alikuwa nalo yeye pia, ametoka nalo vitabuni. Waashari wanasema mwanadamu haumbi kitendo chake, hukichuma. Wao huiita kasbu. Mkono unakwenda, na mwendo wake umeumbwa na Mungu, lakini mimi ndiye niliyeukusudia, na hisabu yake ni yangu. Wanafalsafa wengi wamelicheka fundisho hilo kwamba halielezi kitu. Katika maadili sina uhakika nao. Katika uchoraji naliona ni sahihi kabisa, neno kwa neno. Nilichagua unga wa chuma. Nilichagua siki, mahali, wakati wa kuanza. Kutu sikuiumba, na wala sikuiamuru iende kushoto ikaacha kulia. Ubao ule umekuwa ukibadilika tangu nilipousaini. Pale palipokuwa na chungwa sasa pana hudhurungi, na masika yaliyopita yameongeza doa karibu na jina langu. Nani anachora sasa?

Ndiyo maana naamini lile karipio kwa watengeneza sura halikuwa na shida na macho ya kuku. Mchongaji wa sanamu anaweza kudai kwamba amemaliza, kwamba simba wake amekamilika, amebakiza pumzi tu. Ni katika dai hilo ndipo anapoambiwa: haya, malizia. Na mtu anaweza kulitoa dai hilo hata kwa mraba mweupe. Nimeona wachoraji wasiogusa kiumbe chochote wenye kiburi cha Firauni, na nimemwona fundi wa michoro ya wanyama barabarani ambaye akiulizwa habari ya kazi yake hutazama chini. Kaka hakubali hitimisho hilo lote. Anasema sheria haiwezi kusubiri kupima kiburi cha kila mtu, ndiyo maana imeshika kilicho dhahiri, roho na kisicho na roho, kama mama alivyoshika kalamu. Kwa upande wa sheria naona ana haki.

Ubao wa mwisho hadi sasa ni wa agoni. Ni kisanduku cha kioo, kimezibwa kwa silikoni, ndani yake hamna kitu cha kuona. Katika hewa hii tunayovuta, karibu sehemu moja katika mia ni agoni. Haiungani na kitu kwa urahisi, haina rangi, haina harufu, inaingia kifuani na kutoka bila kugusa chochote. Sharti langu limetimia: elementi imo.

Nilipomwonyesha kaka nilimsimulia habari ya Yves Klein, Mfaransa aliyeuza sehemu tupu kati ya mwaka 1959 na 1962, akilipwa kwa dhahabu. Mnunuzi alipewa risiti. Akikubali kuichoma risiti hiyo, Klein naye aliitupa nusu ya dhahabu ndani ya mto Seine, mbele ya mashahidi.

"Dhahabu! Mtoni!"

"Nusu tu, kaka."

"Na nusu ya pili?"

"Alibaki nayo. Aliitumia kwenye picha zake."

"Huyo alikuwa mfanyabiashara," akasema, na kwa mara ya kwanza akavaa miwani yake kuangalia kazi yangu. Alikizunguka kisanduku pande zote, akainama, akakiinua kuona chini. Akauliza bei. Nikamtajia.

"Kwa hewa?"

"Kwa kioo na fremu. Hewa si yangu."

"Fremu ni ya mti gani?"

"Mwembe."

"Mwembe unaliwa na mchwa," akasema kaka yangu. "Punguza."